Swali la Yoramu wa Melini

Mji wa Dodoma hauna bahari wala ziwa, na mito yake ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Lakini Majengo, hatua chache kutoka penye wauza nafaka, palikuwa na hoteli ya chakula iliyoitwa Melini, na ukiuliza njia, hata mtu mwenye gunia kichwani angekuelekeza kwa kidevu: “Si pale penye meli ya matairi!” Maana mchoraji aliyepewa kazi ya kupamba ukuta alikuwa hajaona meli maishani mwake. Alisikiliza maelezo, akaitikia kwa kichwa kama fundi anayejua, halafu akachora basi refu jeupe lenye bomba la moshi, na kwa kutotaka lawama akaliwekea na matairi manne. Mwenye hoteli alipoona alicheka mpaka akashika mbavu. Akamlipa ujira wake wote, akamwongeza na sahani ya wali.

Mwenye hoteli huyo ndiye Yoramu Ndahani, Mgogo wa Mvumi, mtu mrefu, mkimya mnapoonana mara ya kwanza, lakini ukimgusa habari ya chakula utajuta, maana hanyamazi tena. Alijifunza upishi ujanani katika jiko la wamisionari, akaenda Dar es Salaam kumpikia mzungu mmoja, na mzungu alipoondoka, wakala wa meli pale bandarini akamwandikisha kazi. Si meli ya mizigo, la. Ilikuwa meli ya kitalii, ile ya watu wanaolipa fedha nyingi kwenda mahali wasipokuwa na shughuli napo, kisha wakarudi. Yoramu alikaa humo miaka kumi na mmoja. Alianza kwa kuosha sufuria, akamaliza akiwa mhudumu wa ukumbi mkubwa, koti jeupe, vifungo vya shaba, kitambaa mkononi.

Watu wa Majengo walipenda kumchokoza aeleze mambo ya huko. “Haya, Yoramu, hebu tupe, hao wazungu walikuwa wanakula nini?”

“Msiulize walikuwa wanakula nini,” angejibu. “Ulizeni walikuwa hawali nini.”

Basi angeanza. Kwamba chakula cha usiku kilikuwa na zamu mbili, wa zamu ya kwanza saa kumi na mbili na nusu, wa zamu ya pili saa mbili na nusu. Kwamba kila abiria alikuwa na meza yake na kiti chake mpaka safari iishe. Kwamba asiyetaka kuvaa tai alipanda juu, karibu na bwawa la kuogelea, akajipakulia mwenyewe kwenye meza ndefu kama harusi. Kulikuwa na chumba cha wanaopenda samaki tu, na kingine cha nyama ya kuchoma, na kona ya keki kwa wale ambao njaa huwashika baina ya mlo na mlo. Na kila siku, kila abiria alipewa karatasi ya vyakula achague. Karatasi mpya kila mlo! Supu tatu, samaki wawili, nyama nne. Na mtu akichagua vitatu akaonja kijiko kimoja kimoja akarudisha, hakuna wa kumwambia neno.

“Wakavirudisha?” wangeshangaa wauza nafaka.

“Wakavirudisha.”

“Na nyie mkavila?”

Hapo Yoramu alikuwa akibadilisha mazungumzo. Angesimama, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, akauliza nani anaongeza chai.

Alirudi nyumbani enzi za ruksa zikiwa zimekolea. Sukari ilikuwa imerudi madukani, sabuni haikupangiwa foleni tena, na mtu aliyekuwa na chochote cha kuuza alikiweka nje ya mlango wake akangoja wanunuzi. Yoramu akakodi nyumba ya vyumba viwili, akabomoa ukuta wa katikati, akanunua viti vya mbao na vitambaa vya meza, na ukutani akatundika ubao mweusi wa shule. Kila asubuhi aliandika kwa chaki, kwa mwandiko wa kupinda-pinda: ugali wa uwele, ugali wa sembe, wali, chapati, mbuzi wa kuchoma, mbuzi wa mchuzi, kuku, samaki wa Mtera, maharage, mlenda wa karanga. Na mstari wa mwisho: Kwa wenye presha, chakula bila chumvi.

Wiki ya kwanza alitaka kuleta na zamu. Mfanyabiashara wa alizeti akaingia saa saba na robo, jasho likimtoka, akaambiwa kwa adabu zote kwamba zamu ya kwanza imekwisha na ya pili ni saa nane, tafadhali asubiri nje kwenye benchi. Yule bwana alimtazama Yoramu kama anayetazama mgonjwa. “Njaa yangu haijui zamu yako, ndugu,” akasema, akaenda kwa mama ntilie. Elieth, mpishi wa Melini, mwanamke wa Kikaguru mnene mwenye maneno makali, alitoka jikoni na mwiko mkononi akamwambia Yoramu, “Kaka, hapa si melini. Hapa mtu akishiba anaondoka, asiposhiba anaondoka vilevile. Amua.” Zamu zikafa siku hiyohiyo.

Lakini kuuliza hakukufa. Hilo Yoramu alilishika kama mtu anavyoshika dini. Ukiketi tu, anakuja, anainama kidogo: leo ungependa nini? Mbuzi wa mafuta au mkavu? Chai ya maziwa au ya rangi? Na ukimjibu mara moja, hasahau tena. Alijua nani anapenda ukoko wa wali, nani hali kuku kwa sababu ya mwiko wa ukoo, nani akipewa pilipili atatokwa machozi na hatakubali kwamba ni pilipili. Watumishi wa serikali waliohamishiwa Dodoma kutoka kila pembe ya nchi wakampenda mno, maana walikuwa mbali na mama zao, na hapa palikuwa na mtu anayejali kama unapenda bamia.

Mtu wa kwanza kuusoma ubao wote, juu mpaka chini, kabla ya kujibu, alikuwa Dorothea.

Dorothea alikuwa mwanamke wa Mvumi aliyeleta karanga na mlenda mkavu Majengo kila Jumamosi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, baba yake amekufa, na watu walikuwa wameanza kumsema kwamba amechelewa. Siku aliyoleta karanga Melini kwa mara ya kwanza, Yoramu alimkaribisha chakula. Wengine wote walikuwa wakitupa jicho kwenye ubao na kusema “ugali nyama.” Dorothea aliweka mikono mapajani, akasoma. Akarudia kusoma. Akauliza samaki wa Mtera ametoka lini majini, na mbuzi amechomwa saa ngapi. Mwisho akasema, “Niletee wali na maharage, na chumvi isiwe nyingi,” akala taratibu mpaka mwisho. Yoramu alisimama pembeni na kitambaa chake mkononi, na moyoni mwake akasema, huyu hapa.

Haikuwa siri kwa muda mrefu. Ilifika mahali Jumamosi Yoramu ananyoa ndevu mara mbili. Elieth akamwambia, “Kaka, oa. Unanichosha.” Basi Yoramu akamtuma mshenga, jirani yake Elieza muuza mtama, mtu wa maneno mazuri na miguu isiyochoka. Elieza akaenda Mvumi mara mbili, akarudi akicheka. Habari ya ng'ombe ilikuwa imekwisha bila matata. Limebaki jambo moja tu: Mzee Yotham, baba mkubwa wa Dorothea, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, anataka kuja mjini na wadogo zake wawili, wamwone mkwe kwa macho. “Wanataka kuona unavyokaa na watu,” Elieza akasema. “Wakirudi wameridhika, mke umepata. Wakirudi wamenuna, shauri yako.”

Yoramu hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Wakwe! Wakwe wanakuja kula kwake! Kama kuna kazi moja duniani aliyoijua, ilikuwa hiyo.

Wakaja katikati ya Julai, upepo wa baridi ukivuma vumbi. Wazee watatu, makoti mazito, fimbo mkononi, wamepanda pikapu ya mizigo tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni, maana nani anakula nyumbani siku anayokwenda kwa mkwe? Elieth alikuwa amekwisha kuchoma mbuzi mzima. Alikuwa amesonga ugali wa uwele mweusi, laini, na mlenda umekolea karanga unafuka kwenye chungu.

“Peleka hivi hivi,” alimwambia Yoramu. “Sinia moja, maji ya kunawa, ukae nao, mle. Basi.”

“Hapana, dada. Leo ni daraja la kwanza.”

“Yoramu!”

Hakusikia. Alikuwa amevaa lile koti jeupe lenye vifungo vya shaba, lililotunzwa sandukuni kwa dawa ya nondo. Alikuwa amefunga hoteli kwa wateja wengine. Na alikuwa amepanga meza tatu, jamani, tatu, kila moja na kitambaa cheupe, kila moja na ua kwenye glasi, kila moja na kiti kimoja. Maana melini abiria wa heshima kubwa kabisa hupewa meza yake peke yake, asibughudhiwe na mtu.

Wazee wakaamkiwa, “Mbukwenyi, baba zangu,” kwa Kigogo safi, nao wakaitikia vizuri. Kisha wakaongozwa kila mmoja kwenye meza yake. Mzee Yotham mbele karibu na dirisha, mdogo wake wa pili kwenye kona, na wa tatu kule nyuma karibu na mlango wa jikoni. Wakakaa wakitazamana kwa mbali kama ndugu waliogombania shamba. Elieza mshenga alibaki amesimama katikati, hajui akae na nani.

Yoramu akamwendea Mzee Yotham, akainama. “Baba, leo ungependa chakula gani?”

Mzee Yotham akajibu, “Chochote, mwanangu.”

“Hapana, baba, chagua. Kuna mbuzi wa kuchoma, kuna wa mchuzi, kuna kuku, kuna samaki.”

“Chochote kilichopo.”

“Vyote vipo, baba! Ndiyo nasema uchague.”

Mzee akaitazama fimbo yake. Yoramu, masikini, akaona labda hajaeleza vizuri, akaanza kuusoma ubao wote kwa sauti, mpaka kwenye presha. Akauliza nyama iive sana au kiasi. Akaenda kwa mzee wa kona, akamwuliza vilevile. Akaenda kwa yule wa nyuma, akamwuliza chai iwe na maziwa au bila. Elieth alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sinia mikononi, anatikisa kichwa, machozi ya hasira yakimlenga.

Maana kwa Wagogo, na Elieth aliyekaa nao miaka mingi alilijua hilo kama anavyolijua jiko lake, mgeni haulizwi. Mgeni akifika, hata akikukuta huna kitu, unaingia ndani, unatoka na ulichonacho, unakiweka katikati, mnanawa, mnakula bakuli moja. Anayemwuliza mgeni “utakula nini,” maana yake chungu kipo mezani kwa mdomo tu. Anangoja mgeni aone haya, aseme “nimeshiba,” chakula kibaki. Ndivyo wachoyo wanavyofanya. Na mgeni mwenye adabu akiulizwa hivyo, anajua jibu lake.

“Mwanangu,” alisema Mzee Yotham, akasimama, “sisi tulikwisha kula njiani. Tunashukuru.”

Wadogo zake wakasimama naye. Yoramu akasihi, akachanganyikiwa, akaleta mpaka samaki, lakini wazee walikuwa wamekwisha kufika mlangoni. Saa moja baadaye Elieza aliwakuta sokoni wameketi juu ya gunia moja, wote watatu, wanakula mihogo ya kuchoma. Na si Elieza peke yake aliyewaona. Jioni Majengo nzima ilikuwa inasema: wakwe wa Melini wametoka na njaa.

Jibu likaja siku ya nne, kwa mdomo wa Elieza, naye alilileta akitazama chini. Mzee Yotham alisema: ng'ombe zake ni wazuri, na ndevu zake amenyoa vizuri, lakini binti yetu hatumpeleki kwa mchoyo.

“Mchoyo?” Yoramu alikaa chini. “Mimi?”

Neno hilo lilimwuma kuliko kukataliwa kwenyewe. Mtu aliyegawa wali kwa mchoraji wa matairi! Usiku hakula, na asubuhi aliandika ubao nusu, akaacha.

Jumamosi Dorothea akaja na karanga zake. Akautua mfuko, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. “Kila mzee na meza yake! Hivi wewe Yoramu umezaliwa Mvumi au umeokotwa baharini?”

“Nilitaka kuwaheshimu.”

“Umewaheshimu mpaka wakala mihogo.” Akajikaza asicheke, akashindwa, akacheka kidogo, kisha uso ukabadilika. “Sikiliza. Kuna mtu wa Handali, mkewe alifariki mwaka juzi. Ameleta salamu. Baba mkubwa atamjibu Jumapili ijayo, baada ya kanisa. Akisha kumjibu, ndiyo imekwisha.”

“Na wewe unasemaje?”

“Mimi?” Dorothea alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. “Mimi nimetumwa karanga.” Akafunga kitenge chake vizuri. “Njoo na Elieza. Njoo kabla ya Jumapili. Na lile koti liache kulekule sandukuni.”

Ijumaa Yoramu na Elieza wakaondoka na pikapu ya mtu wa alizeti, yuleyule wa zamu, ambaye sasa alikuwa mteja wa kudumu na alikataa nauli. Njia nzima Elieza akampa masomo: usiongee sana, usisifu chakula kabla hujala, usiulize chochote, Yoramu, nakuomba, hata saa usiulize. Jua lilikuwa kali, upepo mkavu, na walipofika Mvumi saa nane walikuwa hawajala tangu jana yake.

Nyumba ya Mzee Yotham ilikuwa tembe ya zamani, ndefu, na uani walikuwapo watu wengi kuliko Yoramu alivyotarajia. Wazee wote watatu. Shangazi Lea, dada yao, mwanamke mkavu mwenye jicho lisilopepesa. Wanawake wengine wanapepeta uwele. Na kwenye mlango wa jiko, Dorothea, ambaye hakumtazama hata mara moja. Wakaamkiana kirefu, habari za mvua iliyopita, habari za mifugo, habari za upepo. Wakapewa viti. Harufu ya mlenda ilikuwa ikitoka jikoni, na tumbo la Elieza likalia kwa sauti kila mtu akasikia.

Mzee Yotham akakohoa. Kisha akainama kidogo, vilevile kama Yoramu alivyoinama siku ile, akauliza kwa upole wa kuigiza, “Haya wageni wetu. Leo mngependa chakula gani?”

Uani kukalipuka kicheko. Wanawake waliacha nyungo wakashikana mabega. Mzee wa kona alicheka mpaka akakohoa. “Kuna ugali na mlenda,” Mzee Yotham aliendelea, uso mkavu, “na kuna mlenda na ugali. Chagueni.” Elieza aliinamisha kichwa katikati ya magoti, akiomba ardhi ipasuke immeze na mtama wake wote.

Walipomaliza kucheka wakamtazama Yoramu, waone aibu itamfanyaje. Yoramu alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na machozi yanamtiririka mashavuni bila kuyafuta.

“Ah, ah,” akasema Shangazi Lea. “Mwanaume mzima, na utani mdogo hivi?”

“Sijachukia, shangazi,” Yoramu akasema. “Ni kwamba sijawahi kuulizwa.”

“Kuulizwa nini?”

“Nitakula nini. Mimi nimeuliza watu miaka kumi na mmoja. Asubuhi, mchana, jioni. Wengine walinionyesha picha ya mbwa wao aliyebaki nyumbani, wakamchagulia naye chakula, wanicheke. Nilikuwa najua bibi gani anataka yai la dakika tatu. Sisi tulikuwa tunakula chini kabisa, chini ya maji, karibu na mitambo, tumesimama, dakika kumi na tano, kilichobaki. Kikiwa kimebaki wali, wali. Kikiwa kimebaki mifupa, mifupa. Wale waliochagua vitatu wakaonja, wakarudisha, hivyo ndivyo vyetu.” Akavuta pumzi. “Hakuna aliyeniuliza hata siku moja, wewe Yoramu, unapenda nini. Hata siku ya Krismasi. Nikajiapiza, Mungu akinirudisha kwetu, hakuna mtu atakayekaa kwenye meza yangu bila kuulizwa. Nilidhani ndiyo heshima kubwa kuliko zote, baba. Nilidhani nakupa wewe hiyo.”

Hakuna aliyecheka sasa. Mama mmoja aliokota ungo wake, akaushika tu, hakupepeta. Mzee Yotham alikuwa ameinama bado kidogo, kama amesahau kunyooka.

“Miaka kumi na mmoja,” akasema mwisho.

“Kumi na mmoja, baba.”

“Mkila mmesimama.”

“Tumesimama.”

Mzee akamgeukia mdogo wake, akamgeukia Elieza. Aliyeokoa jambo ni Shangazi Lea. “Basi mjibu, mwanangu,” akasema, na jicho lake lilikuwa limelainika. “Swali ni swali, hata likiwa la utani. Umeulizwa. Unataka nini?”

Yoramu akafuta uso kwa kiganja. “Uwele na mlenda, shangazi. Bakuli moja na wazee. Na nikae chini.”

“Loo! Na mbuzi je?” akauliza Mzee Yotham, kwa haraka, kama anayeogopa kuonekana mchoyo nyumbani kwake mwenyewe. “Mbuzi yupo! Nani alisema hakuna mbuzi? Leteni!”

Kikaletwa. Wakanawa, wakakaa chini kuzunguka bakuli, mabega kwa mabega, na Yoramu akala kama mtu aliyetoka safari ndefu, na kwa kweli ndiyo kwanza alikuwa anafika. Mzee Yotham alimsogezea paja la mbuzi bila kumwuliza. Elieza alikula kimya kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Walipokwisha, mzee alilamba kidole, akasema kwamba mchoyo hali hivi, mchoyo anakula akitazama mlango, na kwamba yeye amekosea na anasema mbele ya watu. Wadogo zake wakaitikia. Jambo lilikuwa limekwisha. Ilibaki kupanga siku tu.

Lakini Mzee Yotham hakupanga siku. Alikaa anachokoa meno kwa kijiti, anawaza. Kisha akamwita Dorothea.

Dorothea akatoka jikoni akapiga goti, mikono ina unga.

“Dorothea,” mzee akasema polepole, “tangu huyu alete maneno yake, na tangu yule wa Handali alete yake, tumekaa vikao vinne. Tumeongea ng'ombe, tumeongea ukoo, tumeongea mihogo ya Majengo. Leo huyu mtoto amenifanya nikumbuke kitu. Katika vikao vyote vinne hakuna aliyekuuliza wewe.” Akaweka kijiti chini. “Nakuuliza. Unamtaka nani?”

Shangazi Lea alishika mdomo, maana hata yeye alipoolewa hakuulizwa, wala mama yake. Dorothea alijifuta unga kwenye kitenge, mkono mmoja, kisha wa pili. Akawatazama wazee mmoja mmoja. Yoramu alikuwa amekwisha kusimama kwenye meza za watu maelfu akingoja wachague, na hakujua kamwe kwamba kungoja kunaweza kuwa kurefu hivi.

“Baba,” Dorothea akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko na kilio kwa pamoja, “miaka thelathini na miwili ndiyo kwanza naulizwa. Niacheni nilifurahie kidogo.”

Wakamwacha. Mzee wa kona, kwa haraka, alianza kusema neno, Shangazi Lea akamkanya kwa jicho. Wakangoja wote, wanaume na wanawake, mlenda ukiwakauka mikononi.

“Huyu,” akasema Dorothea. “Namtaka huyu.”